Nani alishika ufunguo wa Pforta?

Kati ya mji wa Naumburg na mji mdogo wa Bad Kösen, kwenye bonde la mto Saale katikati ya Ujerumani, ipo shule ya bweni iliyoanzishwa mwaka 1543 katika majengo ya monasteri na ambayo mpaka leo iko palepale. Inaitwa Schulpforta, au Pforta tu. Imepita mikononi mwa watawala wa Kilutheri wa Saksonia, wafalme wa Prusia, Wanazi na Wakomunisti wa Ujerumani Mashariki, na sasa iko chini ya serikali ya jimbo la Sachsen-Anhalt. Shule nyingi zenye asili ya kanisa hupenda kusimulia historia yao kama habari ya imani iliyoshinda dhoruba. Historia ya Pforta haisimuliki hivyo bila kuficha mambo. Kilichoshinda dhoruba pale ni kengele, bweni, ratiba na ukuta. Imani yenyewe ilikaa au ikaondoka kwa kutegemea nani alikuwa na ufunguo, na hali hiyo haikuanza mwaka 1935 Wanazi walipoingia. Ilikuwamo katika msingi tangu siku ya kwanza.

Msingi huo uliwekwa juu ya kiwanja cha watu wengine. Tangu 1137 bonde lile lilikuwa la watawa wa shirika la Citeaux, watu wa sala na jembe, waliokausha vinamasi, wakapanda mizabibu na kujikusanyia mashamba makubwa. Matengenezo ya Kanisa yalipofika Saksonia, monasteri ikafungwa mwaka 1540, na mali yote ikabaki ikisubiri mwenyewe. Sehemu nyingi za Ujerumani mali kama hiyo iliishia kwenye hazina ya mtawala au kwenye mifuko ya makabaila. Martin Luther alikwisha kuonya mapema. Mwaka 1524 aliandika waraka kwa madiwani wa miji ya Ujerumani akiwataka waanzishe na kutunza shule za Kikristo, maana monasteri zilikuwa zinakufa na shule zake pamoja nazo. Duki Moritz wa Saksonia akaitikia kwa namna yake. Mei 1543, akiwa kijana wa miaka 22, alitoa sheria ya kuanzisha shule tatu kwa mali ya monasteri: Meissen kwa wavulana 60, Merseburg kwa wavulana 70, na Pforta kwa wavulana 100. Mpango wa Merseburg ulikwama, na nafasi yake ikachukuliwa na Grimma mwaka 1550. Wavulana walilishwa na kufundishwa bila ada kwa muda wa miaka sita, na lengo halikufichwa: nchi ilihitaji wachungaji, walimu, mahakimu na makarani wa dini mpya.

Watu wanaoisifu Pforta husimama hapo, na sifa hiyo ni ya haki. Mtoto wa fundi au wa mchungaji maskini kupata elimu ya juu kabisa ya zama zake bila kulipa, kwa sababu mashamba ya watawa yamegeuzwa kuwa wakfu wa shule, ni jambo ambalo serikali nyingi za karne hii hazijalifikia. Lakini tazama karatasi ya umiliki. Shule hizi tatu ziliitwa shule za mtawala, na jina lilisema kweli. Hazikuwa za usharika, wala za shirika la kitawa, wala za mji. Mtawala ndiye aliyetoa sheria, akateua walimu na kuamua nani apate nafasi. Mtawala mwenyewe hakuwa nguzo ya uthabiti wa kidini. Miaka michache tu baada ya kufungua shule, Moritz aliungana na Kaisari Mkatoliki Karl V dhidi ya binamu yake Mprotestanti, akapata cheo cha mteuzi wa kaisari kama malipo, na Waprotestanti wenzake wakambandika jina la Yuda wa Meissen. Mwaka 1552 akamgeuka Kaisari naye. Mtu wa aina hii ndiye aliyeshika ufunguo wa kwanza. Kwamba shule yake ilikuwa ya Kikristo sina shaka. Lakini ilikuwa ya Kikristo kwa sababu mwenye nayo alitaka hivyo, na hiyo ni dhamana nyembamba.

Ndani ya ukuta, Walutheri waliendelea kutumia kifaa walichokikuta. Watawa waliishi kwa saa: kuamka usiku, kusali, kufanya kazi, kula kimya. Wavulana wa Pforta waliishi kwa saa vilevile. Karne tatu baadaye, Friedrich Nietzsche alipokuwa mwanafunzi pale kati ya 1858 na 1864, kengele ya majira ya joto bado iliwaamsha saa kumi na moja alfajiri, kisha ikafuata sala ya pamoja, vipindi, chakula, kujisomea, matembezi kwa muda uliopangwa, sala tena, kulala. Mwanafunzi mkubwa alipewa wadogo wa kuwasimamia, na chini ya macho ya kiranja huyo, mdogo alijifunza Kilatini na pia alijifunza kutii. Mama yake Nietzsche aliishi Naumburg, mwendo wa miguu tu kutoka shuleni, lakini mtoto alimwona Jumapili kwa saa chache, mara nyingi wakikutana katika kijiji cha Almrich kilichokuwa njiani. Umbali kutoka nyumbani ulikuwa sehemu ya malezi. August Hermann Francke, mchungaji wa Halle aliyeanza shule ya maskini mwaka 1695 na kuijenga hadi ikawa mji mdogo wa wanafunzi zaidi ya 2,000 alipofariki mwaka 1727, aliieleza nadharia hiyo waziwazi kuliko watu wa Pforta: utashi wa mtoto uvunjwe kwanza, ndipo Mungu apate nafasi. Ugumu wa fundisho hilo ni kwamba utashi ukishavunjwa, nafasi iliyopatikana haichagui mgeni wa kuingia.

Hapo pingamizi la kwanza linajitokeza, na ni zito. Kama Pforta ilivunja utashi, mbona ilitoa watu wenye vichwa vigumu namna ile? Friedrich Gottlieb Klopstock alihitimu mwaka 1745 kwa hotuba juu ya tenzi kuu, huku akiwa tayari na mpango wa utenzi wake wa Masihi ulioanza kuchapishwa mwaka 1748 na kubadili ushairi wa Kijerumani. Johann Gottlieb Fichte, mtoto wa mfumaji wa riboni, alitoka pale akawa mwanafalsafa aliyefukuzwa chuo kikuu cha Jena kwa tuhuma za kumkana Mungu. Leopold von Ranke, aliyeweka misingi ya uandishi wa historia kwa kutegemea nyaraka, alisoma Pforta. Richard Lepsius, aliyesimamisha taaluma ya Misri ya kale nchini Ujerumani, alisoma Pforta. Nietzsche mwenyewe, mtoto wa mchungaji, ndiye aliyeandika maneno makali kuliko yote dhidi ya Ukristo katika karne yake. Kiwanda cha utii hakitoi bidhaa kama hizo, atasema mpinzani.

Orodha hiyo ni ya kweli, ila jibu lake linapatikana ukiuliza kila mmoja alipata wapi hewa ya kupumua. Kila wiki Pforta ilikuwa na siku moja isiyo na vipindi, ambayo mwanafunzi alijisomea anachotaka. Kulikuwa na maktaba. Kulikuwa na walimu waliokuwa wanazuoni kamili, waliochapisha vitabu na kujibu hoja za wenzao wa vyuo vikuu, na waliowafundisha wavulana kulichunguza andiko la kale neno kwa neno, wakitenga la mwandishi na lililochomekwa na mnakili. Anayefundishwa kumtilia shaka mnakili wa Kigiriki akiwa na miaka 17 hatakosa siku moja kumtilia shaka na mnakili wa Injili. Insha ya kuhitimu ya Nietzsche mwaka 1864 ilihusu mshairi Theognis wa Megara, na ndiyo iliyomfungulia njia ya uprofesa. Uhuru wa Pforta ulitoka kwenye nyufa hizi. Kwenye ratiba yenyewe haukuwapo: Nietzsche alipokuwa kiranja wa zamu akaandika mzaha kuhusu taa hafifu katika ripoti ya ukaguzi, baraza la walimu lilimfungia kwa saa kadhaa na kumnyima matembezi. Walimu hawakuona cha kuchekesha.

Fichte ni ushahidi wa kustaajabisha zaidi, na sielewi kwa nini wanaoisifu shule humtaja bila kumsoma. Mwanawe anasimulia kwamba Fichte mdogo, akiteswa na mkubwa aliyepewa kumsimamia, alitoroka Pforta huku kichwa kimejaa habari za Robinson Crusoe, akitaka kisiwa chake mwenyewe; kisha akamkumbuka mama yake, akarudi kwa hiari. Mtu angetarajia mtoro huyu akiwa mkubwa achukie mabweni. Badala yake, katika hotuba zake kwa taifa la Kijerumani alizotoa Berlin majira ya baridi ya 1807 na 1808, wakati majeshi ya Napoleon yameukalia mji, alipendekeza watoto wote watengwe na jamii ya wakubwa na kulelewa katika jumuiya zao wenyewe, ili kizazi kipya kisiambukizwe uoza wa wazazi. Bweni la duki likawa ramani ya taifa zima. Mungu alibaki katika mpango huo, lakini mwenye kulelewa sasa alikuwa raia wa taifa kabla ya kuwa mwana wa kanisa. Mtu mmoja, katika maisha yake, alionyesha jinsi kifaa kilivyoweza kubadili mwenyewe bila kubadilika umbo.

Mwaka 1815 Mkutano wa Vienna uliigawa Saksonia kwa sababu mfalme wake alichelewa kumwacha Napoleon, na Pforta ikajikuta ndani ya Prusia. Mabadiliko yalikuwa madogo kuliko mtu angedhani. Wakfu ulibaki, ratiba ikabaki, sala zikabaki, na picha ya mfalme ukutani ikabadilishwa. Prusia ilihitaji watumishi wa serikali, na shule ikawatoa kwa wingi uleule. Theobald von Bethmann Hollweg, kansela wa Ujerumani kuanzia 1909 hadi 1917, yaani mkuu wa serikali iliyoingia Vita Kuu ya Kwanza na kuiburuta hata Afrika Mashariki ndani yake, alimaliza Pforta katika miaka ya 1870.

Msomaji wa Tanzania ana sababu ya karibu zaidi ya kuzitazama shule hizi. Huko Ilfeld, kwenye milima ya Harz, palikuwa na dada yake Pforta: monasteri nyingine iliyogeuzwa shule ya Kilutheri mwaka 1546, yenye mabweni, Kigiriki na Biblia. Miongoni mwa wanafunzi wake wa miaka ya 1870 alikuwamo mtoto wa mchungaji aitwaye Carl Peters. Mwaka 1884 Peters alipita Usagara na maeneo jirani akikusanya alama za machifu kwenye mikataba ambayo hawakuweza kuisoma, na ndiyo iliyokuwa hati ya kuzaliwa kwa koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki. Akiwa kamishna wa Kaisari Kilimanjaro aliwanyonga mtumishi wake na msichana mmoja Mwafrika, ukatili uliomfukuzisha kazi mwaka 1897. Waswahili walimwita Mkono wa Damu. Sisemi Ilfeld ilimfundisha kunyonga watu. Si haki kumtwika mwalimu makosa ya kila mwanafunzi, na wenzake wengi wa darasa walikwenda kuwa wachungaji wapole vijijini. Nasema jambo dogo zaidi: sala za asubuhi, mashairi ya Homeri na miaka ya nidhamu havikuweka ndani yake breki yoyote inayoonekana. Wanaoamini kwamba shule ya bweni ya Kikristo humlinda mtu na unyama kwa sababu tu ni ya Kikristo, wana kazi ya kueleza habari ya mhitimu huyu.

Mwaka 1933 Wanazi walianza kuunda shule zao za bweni za kulea viongozi, zilizoitwa kwa kifupi Napola. Kufikia mwisho wa vita zilikaribia 40. Nyingine walizijenga upya, nyingine walizichukua zikiwa tayari. Ilfeld iligeuzwa mwaka 1934, Pforta mwaka 1935. Wavulana walichujwa kwa vigezo vya rangi na misuli, sare zikaja, bendera zikaja, dini ikasukumwa nje, na baadaye usimamizi wa shule hizi ukawekwa chini ya mkuu wa ngazi ya juu wa kikosi cha Kinazi cha SS. Lakini mambo waliyoyaacha ndiyo yanayonishughulisha. Hawakuliondoa bweni. Hawakuondoa kengele, wala mkubwa kumsimamia mdogo, wala umbali na mama. Hata Kilatini na Kigiriki havikufukuzwa Pforta na Ilfeld, ambazo zilihifadhi sura ya shule za elimu ya kale. Sparta ilipatikana katika vitabu vilevile alivyopatikana Sokrates. Ilitosha kubadili ukurasa. Kifaa hicho hakikuwa kigeni hata nje ya Ujerumani: wanafunzi wa Napola walifanya ziara za kubadilishana na shule za bweni za kifahari za Uingereza kabla ya vita, wakacheza michezo na wanafunzi wa huko na kulala katika mabweni yao.

Pingamizi la pili hutolewa na watu wa shule yenyewe, nao wana haki ya kusikilizwa. Wanasema Pforta ilinyang'anywa. Serikali yenye bunduki iliingia, walimu wakabadilishwa, na huwezi kumlaumu aliyevunjiwa nyumba kwa mambo aliyoyafanya mwizi ndani yake. Ningekubali, kama Wanazi wangezitendea hivyo shule zote za Kikristo. Hawakufanya hivyo. Shule ya Wajesuiti ya St. Blasien, katika Msitu Mweusi, waliifunga mwaka 1939. Shule ya abasia ya Ettal huko Bavaria, ya Wabenediktini, watawa wanaofuata kanuni ileile inayofuatwa Peramiho na Ndanda, waliifunga mwaka 1941. Kwa nini hizi zifungwe na ile ivishwe sare? Sababu zilikuwa zaidi ya moja, na chuki ya Wanazi kwa mashirika ya Kikatoliki ilikuwa kubwa. Lakini mojawapo iko wazi: St. Blasien na Ettal zilikuwa na mwenyewe asiyekuwa serikali. Ili kuzitumia, ilibidi kwanza kumwondoa mwenye ufunguo. Pforta haikuhitaji kuvunjwa mlango. Tangu 1543 ilikuwa mali ya anayetawala, na mtawala mpya alirithi alichokikuta.

Kutokana na hilo wengine watafikia hitimisho la haraka: basi shule ya kanisa iwe ya kanisa kweli, mbali na mkono wa serikali, na mambo yatakuwa salama. Laiti ingekuwa hivyo. Ettal ilifunguliwa tena baada ya vita ikiwa na heshima ya kuteswa na Wanazi, na heshima hiyo ikawa pazia. Mwaka 2010, baada ya shule ya Wajesuiti ya Berlin kukiri hadharani kwamba wanafunzi wake walikuwa wamenajisiwa na mapadre, wahitimu wa Ettal nao walijitokeza, na uchunguzi ukaonyesha kwamba kwa miongo kadhaa zaidi ya wanafunzi 100 walipigwa vibaya au kunajisiwa na watawa waliokabidhiwa kuwalea. Kabla wasio na dini hawajashangilia, na watazame Odenwaldschule, shule ya bweni iliyoanzishwa mwaka 1910 kwa itikadi ya uhuru wa mtoto, isiyo na sala wala kanzu. Huko pia mkuu wa shule na walimu kadhaa waliwanajisi wanafunzi kwa miaka mingi, habari zikapuuzwa zilipochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1999, zikalipuka 2010, na shule ikafungwa 2015. Itikadi mbili zinazopingana, matokeo yaleyale. Kilichofanana ni mtoto anayelala mbali na nyumbani, chini ya mtu anayempa alama, chakula na adhabu, katika mahali ambapo malalamiko yote hupitia kwa yuleyule anayelalamikiwa.

Kwa hiyo ninapoulizwa kama shule fulani ya bweni ni ya Kikristo, naona swali limeanzia pasipofaa. Historia ya Pforta inafundisha kuuliza mwanafunzi anaweza kumfikia nani nje ya ukuta, mwalimu anawajibika kwa nani zaidi ya mwajiri wake, na ratiba ina saa ngapi zisizo za mtu. Kuna watakaosema huku ni kuidharau imani. Mtu anayeamini ndiye angepaswa kulishikilia jambo hili kwanza, kwa sababu imani iliyoingizwa kwa kengele hutolewa kwa kengele, na Pforta ilihitaji miaka michache tu baada ya 1935 kuthibitisha hilo baada ya karne nne za sala za asubuhi. Pia sikatai kwamba wapo waliopata pale imani ya kweli. Mwaka 1603 mwalimu wa muziki wa Pforta, Erhard Bodenschatz, alianza kuchapisha mkusanyo wa nyimbo za kanisa ambao Johann Sebastian Bach alikuwa bado anautumia Leipzig zaidi ya karne moja baadaye. Nyimbo za namna hiyo hazikusanywi na watu wanaotimiza amri tu.

Baada ya 1945 ufunguo ukabadilika tena. Jeshi la Kisovieti likashika eneo lile, wakfu ulioilisha shule kwa karne nne ukachukuliwa na serikali mpya, na Karl Marx akachukua kiti cha Luther kwa urahisi uleule alioupata Luther kwa watawa. Jambo moja la haki lazima litajwe: mwaka 1949 wasichana waliingia Pforta kama wanafunzi. Monasteri haikuwataka, Walutheri hawakuwataka, Wanazi hawakuwataka pale. Waliingizwa na dola iliyomkana Mungu. Katika miaka ya 1980 yakaanzishwa madarasa maalumu ya muziki na lugha, na ndiyo yaliyoipa shule sura iliyo nayo sasa.

Tangu 1990 Pforta ni shule ya jimbo la Sachsen-Anhalt, yenye wanafunzi wapatao 300 wa kike na wa kiume, wanaosoma kwa mikondo ya lugha, muziki na sayansi. Wakfu umefufuliwa, na mizabibu iliyoanzishwa na watawa bado inatoa divai. Wanafunzi wanapata siku ya kujisomea, wanakwenda nyumbani, wana simu mfukoni, na wazazi wana mabaraza na mahakama za kwenda. Anayeshika ufunguo bado ni anayetawala, kama siku za Moritz, ila sasa huchaguliwa kila baada ya miaka mitano, na vyama vinavyogombea kiti hicho havina mawazo yanayofanana juu ya mambo ambayo kijana wa Kijerumani anapaswa kufundishwa.